Mlima haukingi kilichoko juu: setilaiti na minara vinapogombea masafa

Desemba 2025 kampuni ya Airtel Africa ilitangaza makubaliano na SpaceX, kampuni ya Marekani ya roketi na setilaiti, ili simu za kawaida za wateja wake katika nchi 14, Tanzania ikiwamo, ziwasiliane moja kwa moja na setilaiti za Starlink, kwa kutegemea vibali vya kila nchi. Tangu hapo maneno hayajaisha. Kaa kidogo kwenye kijiwe cha bodaboda pale Kabwe, au kwa fundi simu Mafinga, utasikia kila aina ya nadharia. Minara itang'olewa. Setilaiti ndizo zinazofanya mtandao usumbue jioni. Dishi la nyumbani linakwama kwa sababu ya 5G. Watu wa Tunduma, ambao simu zao zimezoea kudaka mtandao wa Zambia, sasa watadaka na wa angani bure.

Mengine kati ya hayo ni uzushi mtupu. Mengine yana ukweli ndani yake, ila ukweli wenyewe haukai pale msemaji anapoudhani. Chanzo cha mkanganyiko wote ni kimoja: setilaiti na minara ya simu vimeanza kuhitaji masafa yaleyale, na masafa hayaongezwi kiwandani.

Masafa na mwingiliano

Simu haina waya, kwa hiyo inatuma na kupokea mawimbi ya redio. Kila wimbi hutikisika mara kadhaa kwa sekunde, na idadi hiyo ya mitikisiko ndiyo masafa yake. Megahezi moja ni mitikisiko milioni moja kwa sekunde. Redio ya FM unayoisikiliza kwenye daladala iko kati ya megahezi 88 na 108. Simu zetu ziko juu zaidi: 700, 800, 900, 1800, 2100, 2300, 2600, na kwa 5G hufika 3500. Kila kampuni hupewa kipande chake na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, na hukilipia. Mwaka 2022 TCRA ilipiga mnada vipande vya megahezi 700, 2300, 2600 na 3500, na makampuni yalitoa mamilioni ya dola kuvipata.

Hicho kipande cha 700 kina historia inayowagusa wengi. Kilikuwa cha televisheni za analojia. Mitambo ya analojia ilipozimwa mji baada ya mji kuanzia mwisho wa 2012, Mbeya ikifikiwa 2013, na watu wakalazimika kununua ving'amuzi huku wananung'unika, nafasi iliyobaki wazi ndiyo ilikuja kugeuzwa kuwa ya intaneti ya simu. Kuhamisha huduma moja ili nyingine ipite ni jambo tulilokwisha kulifanya.

Mwingiliano wa masafa hutokea pale kipokezi kinapopata mawimbi mawili kwa pamoja na kushindwa kuyatenganisha. Ingia soko la Mwanjelwa siku ya mauzo. Mama mmoja anakutajia bei ya parachichi kwa sauti yake ya kawaida, na hatua tatu kutoka hapo kijana wa mitumba ana kipaza sauti: "Jero jero, chagua uchukue!" Mama hajapunguza sauti wala hajakosea neno. Aliyeshindwa ni wewe, kwa sababu sikio lako limezidiwa. Kwenye redio ni hivyohivyo: mtumaji anaweza kuwa mzima kabisa, tatizo likawa upande wa anayepokea. Ndiyo maana swali la "nani kaharibu mtandao" mara nyingi halina jibu la moja kwa moja.

Kuzidiwa huko huja kwa njia tatu. Ya kwanza, watumaji wawili wako kwenye masafa yaleyale. Ya pili, kila mmoja yuko kwenye masafa yake, lakini mtambo wa mmoja unavujisha mawimbi kidogo hadi kwa jirani. Hakuna mtambo unaokata masafa yake kama kisu. Ya tatu, masafa ni tofauti kabisa, ila mtumaji ana nguvu kubwa kiasi kwamba kipokezi kilicho karibu kinalemewa na hakisikii chochote tena. Hizi njia tatu zitarudi huko mbele, kila moja mahali pake.

Kazi ya milima ambayo hatujawahi kuisifia

Sisi wa Nyanda za Juu Kusini tumezoea kuilaumu milima. Basi likianza kupanda Kitonga, mazungumzo yanakatika. Mabonde ya Makete, mteremko wa milima ya Livingstone kuelekea Ziwa Nyasa upande wa Ludewa, vijiji vya Kilolo vilivyojificha nyuma ya Udzungwa: huko watu wanajua jiwe gani la kupanda ili ujumbe uende. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF, upo kwa ajili ya maeneo kama hayo, na mwaka 2023 ulisaini mikataba na kampuni za simu ya kujenga minara 758 vijijini nchi nzima. Mlima mmoja unaweza kudai minara mitatu pale ambapo uwanda ungetosheka na mmoja.

Ila milima hiyo ina kazi nyingine, na inaifanya kimya. Kampuni ya simu haina masafa ya kutosha kumpa kila mnara kipande chake. Inachofanya ni kurudia. Masafa yanayotumika Tukuyu hutumika tena Mbeya mjini, yakatumika tena Chimala, na hayasumbuani sana kwa sababu katikati kuna safu ya Uporoto au kuna umbali. Wahandisi nao huinamisha antena chini kidogo ili mawimbi yaishie kwenye eneo la mnara husika. Urudiaji huu ndio siri ya mitandao ya simu duniani kote. Bila huo, laini moja tu ya masafa ingemalizwa na wakazi wa mtaa mmoja.

Setilaiti inavuruga mpango huu kwa sababu rahisi sana: iko juu. Setilaiti za Starlink zinazozungumza na simu ziko kama kilomita 360 kutoka ardhini. Ikiwa juu ya Rungwe, inaona Tukuyu, Mbeya, Chimala, Kyela na ng'ambo ya mpaka kwa mpigo mmoja. Bonde refu linaweza kuificha inapokuwa chini karibu na upeo wa macho, lakini ikishapanda, hakuna safu ya milima inayosimama katikati. Kinga yote tuliyopewa bure na jiografia inafanya kazi kwa mawimbi yanayosafiri ubavu kwa ubavu. Kwa yale yanayoshuka kutoka juu haipo.

Tutenganishe setilaiti kwanza

Watu husema "setilaiti" kana kwamba ni kitu kimoja. Kwa suala hili kuna za aina tatu, na ukizichanganya hutaelewa kitu.

Zipo za televisheni, zilizo kilomita 35,786 juu ya ikweta, zinazozunguka sambamba na dunia hivyo dishi huelekezwa mara moja likabaki hapo. Zipo za Starlink za intaneti ya dishi, kama kilomita 550 juu, zinazotuma kwa dishi maalumu la nyumbani kwenye masafa ya gigahezi 10.7 hadi 12.7 (gigahezi moja ni megahezi elfu moja), mbali kabisa na masafa ya simu. Hizo ndizo zilizoanza kutoa huduma Malawi na Zambia mwaka 2023. Aina ya tatu ndiyo mpya: inayotumia masafa ya simu yenyewe ili simu uliyonayo mfukoni, bila dishi, idhani kwamba imeona mnara. Hapa SpaceX haiko peke yake. AST SpaceMobile, inayoshirikiana na Vodafone, mwaka 2022 ilirusha setilaiti ya majaribio yenye antena ya mita za mraba 64, ukubwa wa nyumba ndogo, kwa sababu kusikia simu kutoka angani kunataka sikio kubwa.

Dishi la nyumbani la Starlink, basi, haliingiliani na laini yako ya simu. Mgongano wake ni na setilaiti za televisheni, kwa kuwa zinakaribiana masafa, na kwa hilo kanuni za kimataifa zina mipaka ya nguvu: setilaiti za chini zinatakiwa zisielekeze mawimbi kwa namna itakayozisumbua zile za juu ya ikweta.

Dishi kubwa la futi sita

Watu wakilalamika kwamba 5G imeua dishi, wengi wanakosea, lakini kuna kundi moja linalosema kweli.

Dishi dogo la kisimbuzi cha kulipia hupokea kati ya gigahezi 10.7 na 12.75. 5G ya megahezi 3500, yaani gigahezi 3.5, iko mbali mno. Kisimbuzi chako kikikwama Tukuyu mwezi wa tatu, tazama nje. Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na matone ya mvua kubwa hunyonya mawimbi ya masafa ya juu. Mvua ikipungua, picha inarudi. Huo si mwingiliano na hakuna wa kumshitaki.

Dishi kubwa la futi sita au nane, lile la chaneli za bure, hupokea kati ya gigahezi 3.4 na 4.2. Hapo sasa tuko jirani kabisa na 5G, na kwa sehemu ni nyumba moja. Fanya hesabu. Mawimbi hupungua nguvu kwa mraba wa umbali. Setilaiti iko kilomita 36,000. Mnara uko kilomita moja kutoka kwako. Kama vyote vingetuma kwa nguvu sawa, mnara ungefika kwenye dishi lako ukiwa na nguvu karibu mara bilioni 1.3 zaidi. Dishi linasaidia kwa kukusanya mawimbi ya upande mmoja, lakini ile LNB, kipokezi kidogo kilicho mbele yake, imetengenezwa kusikia mnong'ono. Ikipigwa na mnara inalemewa, na chaneli zote zinaondoka, hata zile ambazo masafa yake hayagusani na ya 5G.

Dalili yake ni ya kipekee, na fundi mzuri anaijua: kwenye skrini ya king'amuzi, mstari wa nguvu umejaa, mstari wa ubora uko sifuri. Dishi likigeuzwa na upepo, yote mawili hushuka. LNB ikilemewa, nguvu hubaki juu kwa kuwa kifaa kinapima kelele. Tiba yake haihitaji maombi wala dishi jipya. Kuna LNB zenye kichujio cha kuzuia 5G, na mara nyingine inatosha kuhamishia dishi upande wa pili wa nyumba, ukuta na paa la bati vikasimama kati yake na mnara.

Nchi tajiri zilishapita hapa kwa gharama kubwa. Marekani ilipiga mnada sehemu ya masafa haya, mnada uliomalizika 2021 kwa dola bilioni 81, na kampuni za setilaiti zikaahidiwa karibu dola bilioni 10 ili zihame haraka. Hata baada ya hapo, Januari 2022 mashirika kadhaa ya ndege, Emirates likiwamo, yalisitisha safari za kwenda baadhi ya viwanja vya Marekani kwa hofu kwamba 5G mpya ingesumbua vipimio vya urefu vya ndege, vilivyoko gigahezi 4.2 hadi 4.4. Masafa hayakuwa yaleyale. Hofu ilikuwa juu ya kipokezi cha zamani kusikia kisichokihusu.

Simu na setilaiti kwenye masafa yaleyale

Turudi kwenye aina ya tatu, maana ndiyo iliyozua gumzo.

Mnara ulio kilomita tatu na setilaiti iliyo kilomita 360 vinatofautiana umbali mara 120, kwa hiyo nguvu mara 14,400. Setilaiti hufidia hilo kwa antena kubwa inayokusanya mawimbi kuwa mwale mwembamba. Lakini mwembamba wa angani ni mpana huku chini: mwale mmoja hufunika makumi ya kilomita. Mnara wa Mwanjelwa unahudumia mitaa. Mwale mmoja wa setilaiti unaweza kuanzia Mbeya mjini ukafika Kitulo.

Sasa wazia kampuni imeamua kwamba masafa yaleyale ya minara ya Mbeya mjini yatumike pia na setilaiti kumhudumia mchunga ng'ombe wa Kitulo. Kwenye njia ya kushuka, simu za mjini zitasikia mnara na setilaiti kwa pamoja. Mnara una nguvu zaidi, kwa hiyo hazitakata, ila kasi itashuka, hasa kwa walio pembeni mwa eneo la mnara. Kwenye njia ya kupanda hali ni mbaya zaidi, na hii ndiyo sehemu inayosahaulika kwenye mijadala yote. Simu ya mchungaji inatuma kwa sehemu ya tano ya wati moja. Setilaiti inatega sikio imsikie, na ndani ya mwale huohuo kuna maelfu ya simu za Mbeya zinazoongea na minara kwenye masafa hayohayo. Ni kumtafuta yule mama wa parachichi ukiwa umesimama juu ya paa la soko zima.

Kwa hiyo hakuna ujanja. Kampuni inabidi itenge kipande cha masafa kiwe cha setilaiti tu, na minara yake yote katika eneo kubwa isikiguse. Marekani, kampuni ya simu ya T-Mobile ilitenga kipande cha megahezi 5 kwa kila upande, 1910 hadi 1915 kwa kupanda na 1990 hadi 1995 kwa kushuka, karibu nchi nzima, kabla ya kuanza huduma rasmi Julai 2025. Kwangu mimi hili ndilo swali la maana kuliko yote yanayoulizwa vijiweni: kipande hicho kitatoka wapi? Megahezi 5 zikitolewa kwenye minara ya mjini, anayelipia ni mtu wa Mwanjelwa ambaye jioni bando lake tayari linajikokota, ili mtu wa Kitulo atume ujumbe. Mimi naona ni biashara halali. Mtu anayejifungulia kijijini usiku anahitaji ujumbe mmoja ufike kuliko wa mjini anavyohitaji video isikwame. Lakini tuambiwe wazi kwamba ni biashara, na bei yake.

Hata ukitenga kipande, bado kuna ile njia ya pili, ya kuvujisha kwa jirani. Hapo ndipo makampuni ya Marekani yalipogombana hadharani. Mamlaka ya mawasiliano ya huko, FCC, iliweka Machi 2024 kanuni za huduma hii pamoja na kikomo cha mawimbi ambayo setilaiti zinaruhusiwa kuvujisha kwenye masafa ya wengine. SpaceX ikasema kikomo ni kikali mno, huduma itadhoofika. AT&T ikajibu kwamba kulegeza kama SpaceX inavyotaka kungepunguza kasi ya mtandao wake wa kupakua kwa wastani wa asilimia 18 katika eneo ililolipigia hesabu. Machi 2025 FCC ilikubali kulegeza kikomo karibu mara tisa, kwa sharti kwamba malalamiko ya madhara yakithibitika, SpaceX irekebishe. Kila upande ulikuwa na hesabu zake na kila upande ulikuwa na biashara ya kulinda. Ukisikia kampuni yoyote, ya hapa au ya nje, inasema "hakuna mwingiliano wowote", kumbuka mara tisa hizo.

Tunduma, Kasumulu na mwale usiojua mpaka

Tunduma na Nakonde ni mji mmoja uliogawanywa na geti. Simu ya Tunduma kudaka mtandao wa Zambia ni jambo la kawaida, na watu wameshajifunza kuchagua mtandao wenyewe kwenye simu ili wasikatwe fedha za huduma ya nje. Kasumulu ni vivyo hivyo na Malawi. Chini ya milima ya Livingstone, mawimbi yanayovuka ziwa hayakutani na kizuizi chochote.

Kwa minara, tatizo la mpaka linatatuliwa kwa kugeuza antena, kupunguza nguvu na kukubaliana nani atumie kipande kipi. TCRA hukaa mezani na mamlaka za mawasiliano za majirani, ZICTA ya Zambia na MACRA ya Malawi. Mwale wenye upana wa makumi ya kilomita haugeuzwi kirahisi hivyo. Kingo zake hazina mstari; zinafifia polepole. Masafa ambayo Tanzania imeyatenga kwa setilaiti yanaweza kuwa, upande wa pili wa mto Songwe, ni masafa ya minara ya kampuni ya Malawi yenye wateja wanaolipa. Setilaiti ikimulika Ileje kwa nguvu zote, itamwagikia huko pia. Na simu za huko, zikiongea na minara yao, zitasikika angani kama kelele.

Njia zilizopo ni chache: kuzima miale inayogusa mpaka, kuipunguza nguvu, au nchi jirani kukubali kutenga kipande kilekile. Bila makubaliano hayo, Ileje, Kyela, Momba na mwambao wa Ludewa, ambako huduma ya angani ingehitajika kweli, ndiko itakakolazimika kuwa dhaifu. Hilo sijaliona likisemwa kwenye matangazo.

Kanuni za dunia nazo bado zinakimbizana na teknolojia. Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, ITU, ulioanzishwa 1865 enzi za telegrafu, ndio unaogawa masafa kwa matumizi kimataifa. Masafa mengi ya simu hayajagawiwa kwa setilaiti. Inayoyatumia leo hufanya hivyo kwa kanuni namba 4.4, ambayo kwa Kiswahili cha kawaida inasema: tumia, lakini usimdhuru mwenye haki, na ukidhuriwa wewe usidai kulindwa. Mkutano mkuu wa masafa wa 2027 una ajenda, namba 1.13, ya kutafuta ugawaji rasmi kwa ajili ya setilaiti kuwasiliana na simu kati ya takriban megahezi 694 na 2,700. Tanzania ina kura huko.

Yanayobaki vijiweni

Minara haitang'olewa. Mwaka 2024 SpaceX ilionyesha simu moja ikipakua kwa kasi ya megabiti 17 kwa sekunde kutoka kwa setilaiti. Kasi hiyo hugawanywa kwa wote walio ndani ya mwale, makumi ya kilomita. Wakifungua video watu wanne wenye simu nzuri, imekwisha. Halafu mawimbi hayo hayapendi bati wala msitu mnene. Ndani ya nyumba Njombe, dirisha limefungwa kwa baridi, usitegemee kitu. Katikati ya misonobari ya Sao Hill, pengine ufike kwenye barabara ya wazi kwanza. Na setilaiti yenyewe husafiri takriban kilomita 27,000 kwa saa: umbali wa Mbeya hadi Dar es Salaam inaumaliza kwa chini ya dakika mbili, kwa hiyo zinahitajika nyingi zinazopokezana.

Mionzi ya kuchoma watu kutoka angani? Mawimbi ya setilaiti yanapokufikia ni dhaifu mno kuliko yale yanayotoka kwenye simu uliyoishikilia sikioni. Aliyeridhika na simu hana sababu ya kuogopa setilaiti.

Mtandao kuwa mzito saa mbili usiku, kila siku, mtaa uleule, ni msongamano. Watu wamerudi nyumbani, wote wako mtandaoni. Setilaiti zinapita mchana na usiku, hazina saa ya kuchagua.

Yupo msumbufu mwingine ambaye hatajwi kwa sababu ni sisi wenyewe: zile "booster" za bei rahisi zinazofungwa juu ya maduka na nyumba za wageni bila kuidhinishwa. Kifaa kibovu cha aina hiyo hukuza kila kitu, pamoja na kelele yake, na kuirusha kwenye mnara. Mtaa mzima unadhoofika ili chumba kimoja kipate vijiti vinne.

Ukidhani umekumbwa na mwingiliano wa kweli, anza kwa kampuni yako ya simu, na usiposaidiwa nenda TCRA, ambayo ofisi yake ya Kanda ya Nyanda za Juu Kusini iko Mbeya. Nenda na maelezo. "Mtandao unasumbua" haimpi mpimaji wa masafa pa kuanzia. "Itumba, saa 1:40 jioni, siku tatu mfululizo, nje ya nyumba, laini mbili za kampuni moja zote zimeandika jina la mtandao wa nchi jirani, na laini ya kampuni nyingine iko sawa" inampa karibu kila anachohitaji ili apakie vifaa vyake kwenye gari.